Ukuta Usio na Picha

Siku ya kwanza nilipewa ufagio wa sufu,
laini kama mkia wa ndama,
nikafungua chumba cha nyuma, Barabara ya Saba,
nikitaraji mungu.

Sikumkuta. Ukuta mweupe. Mkeka.
Saa ya mchanga ya dakika arobaini na nane. Basi.
"Mmemficha wapi?" niliuliza.
Maniben akacheka ndani ya kitambaa
kilichoziba mdomo wake, kamba masikioni;
hata pumzi, alisema, ina watu wa kuumiza.

Mimi Ndahani, mzaliwa wa Hombolo.
Kwetu maji unakinga, unakunywa.
Hapa yalichujwa kwa nguo maradufu,
na vilivyobaki juu yake,
vitu vidogo kuliko majina,
nikavirudisha kisimani kwa kikombe,
wachota maji wakiniangalia kama mwehu.

Hawali viazi. Hawali vitunguu.
Karanga zilizua ubishi tangu asubuhi:
zimo ardhini, ila si mizizi!
Velji akatafuna konzi moja, kesi ikaisha,
na kabla jua halijazama sahani zilikuwa zimekauka.

Ramila, mke wa mdogo wake,
alitoka kwa wenzao wa dini hiyohiyo
wanaopaka sanamu msandali.
Yake, ya shaba, alama ya kidole tu kwa urefu,
aliiweka kabatini nyuma ya sari.
Maniben alijua.
Kila alfajiri alikohoa mlangoni, akangoja,
mpaka asikie kabati likifungwa.

Liko na tawi jingine, waliniambia,
halina sanamu wala chumba,
watawa wote chini ya mwalimu mmoja.

Na watawa wenyewe? Dodoma hawajafika.
Mtawa hapandi gari wala meli,
hutembea peku, na bahari haitembeki.
Kwa hiyo nilimfagilia mgeni
ambaye akija tu, amekwisha kuvunja
alichokuja kutufundisha.

Mwezi wa tisa, baada ya siku nane za kufunga,
Velji aliniita kwenye magunia ya uwele,
akaunganisha viganja.
"Ndahani, kama nimekuumiza
kwa kujua au kwa kutojua, nisamehe."
Nikaukumbuka mshahara wa Machi.
Nikasema, nimekusamehe.

Hakuondoka.
Kumbe ilikuwa zamu yangu.

Nikamkumbuka nge wa mle chumbani,
nilivyomfukia uani nisionwe na mtu.
"Nisamehe," nikasema.
"Kwa lipi?"
Nikainua kandambili.