Sukari Imeungua

Jumapili, Chikongola, saa tano na ushee,
nilinusa sukari inaungua
nikatoka mbio uani, kandambili mguu mmoja:
"Velma! Sufuria yako!"
Hakugeuka.
Amechuchumaa mbele ya jiko la mkaa, mwiko mkononi,
anaitazama sukari ikitokota ndani ya mafuta,
ikitoka rangi ya asali ikielekea rangi ya kahawa,
kama anavyozitazama mbavu za watu kule Ligula
kwenye chumba cha eksirei.
"Iache iungue," akasema. "Ndiyo kazi yake."

Kisha akamwaga kuku.
Moshi ukagonga bati, Shaweji akakohoa,
Bi Mwanahawa akachungulia juu ya ua wa makuti
kuuliza kama leo tunachoma taka.

Miezi saba amepanga chumba changu cha uani.
Kwao ni Tobago, kisiwa ambacho Shaweji
alikitafuta kwenye ramani ya darasa lao akakikosa,
hadi alipong'oa pini: kilikuwa chini ya kutu.
Alikula ugali wetu, akashukuru.
Alikula kisamvu, akashukuru.
Lakini mtu anayeshukuru kila siku
bado ni mgeni.

Jumatano ile alisimama sebuleni kwangu
akagusa gunia kwa ncha ya kidole.
"Humu mna nini?"
Mbaazi, nikamwambia. Mbaazi za Nanyamba,
za mume wangu, za msimu ambao bei ilianguka
na wanunuzi wakazima simu.
Tumezila asubuhi, tumezila usiku,
mtoto ameota zinamfukuza.
Akachota kiganja, akazinusa, akakaa chini
palepale sakafuni, na sketi yake ya kazini.
"Kwetu tunaziita kunde za njiwa."
"Njiwa wa nani?"
"Sijui. Sijawahi kuona njiwa akipewa hata moja."

Basi zikaingia mbaazi juu ya kuku mweusi,
ukaingia mchele, likaingia tui zito,
majani makavu kutoka kopo la zamani la mafuta ya nywele,
na pilipili mbuzi moja, nzima, juu kabisa,
ikalindwa kama yai: ikipasuka, hatuli.

"Kinaitwaje chakula hiki?"
"Pelau."
"Pilau," nikamsahihisha, mwalimu wa Kiswahili mimi.
"Pelau."
"Pilau haina mbaazi, mama, wala haianzi kwa kuunguza."
"Ndiyo maana ni pelau."
Nikanyamaza. Neno lililotembea mbali kiasi hicho
lina haki ya kubadili irabu moja.

Saa saba mama yake akapiga, kwao ndiyo kwanza kunakucha,
kitambaa kichwani, miwani imepinda.
Hakutusalimu. Alitaka kuiona sufuria.
Sogeza. Sogeza tena. Chini, chini!
Simu ikaingia kwenye mvuke mpaka kioo kikafifia.
Akasema maneno matatu, akakata.
"Anasemaje?"
"Rangi haikukolea."

Tukala kwenye sinia moja.
Mume wangu, aliyeapa mbele ya mashahidi
kwamba mbaazi na yeye watakutana kaburini,
alijaza mkono mara ya pili, ya tatu,
akiangalia ukutani ili macho yetu yasikutane.
Bi Mwanahawa alikuja kuazima chumvi
akaondoka saa kumi, bila chumvi.

Ukabaki ukoko.
Shaweji akadaka mwiko, Velma akaudaka upande wa pili.
Mtu mzima, miaka arobaini na mitatu,
anavutana na mtoto wa darasa la tano:
"Kwetu anakwangua aliyepika!"
"Kwetu anakwangua mtoto!"
Sufuria ikapinduka, ikazunguka kwenye saruji,
wakaifuata wote wawili kwa magoti.

Nilimsikiliza sana siku hiyo,
mpaka vyombo vimekauka, mpaka mkaa umekuwa majivu.
Alisema nimwachie ndoo, alisema kesho zamu yangu,
alisema kisu changu butu, sijui nakatia nini.
Asante hakusema.