Mshono Nje

Mkanda wa jeshi ulinivaa mwezi wa Rajabu,
ubavu wa kushoto, toka mgongoni hadi chini ya titi,
malengelenge yamejipanga kama vifungo.
Yakapasuka, yakakauka, yakadondoka.
Makorora nzima ikaja: "Pole, Mwantumu, sasa umepona."
Nikaitikia, maana ngozi ilikuwa imefunga.
Chini ya ngozi alibaki mtu na pasi ya mkaa.

Tanga, wanasema, waja leo waondoka leo.
Huyu alikuja na godoro lake.

Sindano naijua. Miaka thelathini na moja
niko barazani na cherehani;
imenichoma kidole hata ukucha ukang'oka.
Lakini sindano ya fundi ina uzi, ina inakokwenda.
Hii hudunga saa nane za usiku
pale pale, pale pale,
na haishoni kitu.
Kanga mpya, yenye wanga bado, ikinigusa
naruka kama niliyemwagiwa uji.

Bombo nilimkuta daktari kijana, Kihiyo.
"Neva zimeumia, mama. Ugonjwa umekwenda,
umeacha nyaya wazi."
Akaandika amitriptilini, kidonge kimoja usiku.
Nililala. Wallahi nililala, mpaka adhuhuri.
Ulimi ukawa unga wa muhogo,
choo nikawa nakisikia kwa jirani,
na gauni la bibi harusi wa Chuda
nikalikatia mikono miwili, yote ya kushoto.
Kitambaa cha watu. Nikalipa.
Vidonge nikavifungia kwenye kopo la vifungo.

Wifi yangu Saumu akanishika mkono.
Msambweni, kwa mpiga chuku, kwa maana zake zote mbili:
pembe sita, damu nzito, "Sumu ndiyo hiyo!"
nami pale kifudifudi nahesabu maumivu mapya juu ya yale.
Nikanywa kombe la zafarani;
moyo ulitulia, ubavu haukujua kusoma.
Nikanywa mlonge, na hapo, nikiri,
la choo likapata jawabu.
Tukaenda Amboni kwenye maji ya kiberiti,
nikanuka yai viza siku mbili.
Ila mle majini, kwa robo saa,
nilisahau kwamba nina upande wa kushoto.
Robo saa. Naitaja kwa sababu ni yangu.

Aliyeniuliza swali ni Nasra wa duka la dawa:
"Hicho kidonge ulikuwa ukikimeza saa ngapi?"
Saa tano, nikishaweka mkasi.
"Basi ndiyo maana asubuhi ilikuwa yake.
Rudi kwa daktari. Usiache mwenyewe, usiongeze mwenyewe,
na hayo ya vikombe na majani, mwambie yote."
Nikamwambia yote, hata ile mikono ya kushoto.
Kihiyo akacheka, akajiziba mdomo kwa faili,
akapunguza kipimo, akakisogeza baada ya magharibi.

Hajahama, mwenye pasi.
Amehamia chumba cha uani.

Na usiku mmoja, gauni mkononi, nisiweze kulivaa,
nikaligeuza kwenye taa nikaliona:
pindo la mshono wa ubavuni, kavu, lina meno.
Kazi ya mikono yangu mwenyewe.
Nikalivaa nje ndani. Nikalala.
Asubuhi mjukuu: "Bibi, umekosea nguo!"
Nikachukua kanzu ya marehemu Kibwana,
pamba iliyofuliwa mpaka ikasahau ubishi,
nikashona gauni, mishono yote nje,
nikaitilia utepe wa kijani
isije ikadhaniwa kosa.

Juzi kaja Shekue, fundi baiskeli, mwenye sukari,
kasimama barazani anatazama kwingine.
Nyayo zinamuwaka, anasema. Soksi hazivumilii.
Halafu, kwa sauti ya mtu anayekopa:
"Mwantumu, hata soksi hushoneka hivyo?"

Sijui. Sijawahi.
Nimevuta kigoda, nimechukua tepu.
Lete mguu.