Mwenye Dola Mbili

Mwaka ule wakfu mkubwa wa Toronto ulituandikia
barua ya sentensi nne, ya tatu ikiwa pole.
Vipaumbele vimebadilika, walisema.
Baridi ya Winnipeg haikuwa imebadilika:
nyuzi thelathini chini ya sifuri,
na kwenye lile jengo la Mtaa wa Aberdeen
hita zilikuwa zimekufa tangu Novemba,
mwenye nyumba yuko Florida, anaota jua.

Oksana Hrynchuk, mtunza hazina wetu,
aliyepiga hesabu za kiwanda cha mikate miaka thelathini na mmoja,
akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya sweta.
"Wakili anataka elfu sita.
Sisi tuna mia nne na kumi, na stempu."
Kisha akapiga mistari kwenye daftari la shule:
jina, mlango, kiasi, tarehe.
Safu ya tano akaiacha bila kichwa.

Tukaanza kugonga.

Wa kwanza alidhani tunauza dini.
Wa pili alitufungulia mbwa.
Maricel Dumlao, katoka zamu ya usiku hospitalini,
macho mekundu, kofia mpaka kwenye nyusi,
akanikemea ngazini:
"Usiseme tusaidie. Sema, utaanza na ngapi?
Kisha nyamaza.
Wewe unakiogopa kimya, ndiyo maana hupati kitu."
Nikajifunza kunyamaza.
Ni kazi kuliko kuomba.

Dola tano kwa mwezi. Dola tatu.
Leonard Spence alitoa kumi, Jumanne akarudi
kuazima nne mpaka siku ya mshahara;
tukampa, tukaandika, Ijumaa akarudisha tano.
Mtoto wa chumba 302 alileta sarafu ndani ya soksi,
na soksi akaitaka.

Haba na haba, wahenga walisema, hujaza kibaba.
Hawakusema kibaba kashika nani.

Mwezi Machi ikaja hundi. Elfu ishirini,
kutoka kwa rafiki wa rafiki wa mwenye nyumba,
na ombi dogo, dogo kama mwiba wa samaki:
kesi ingoje mpaka majira ya joto.
Nakiri, niliitazama ile hundi
kama mwenye njaa atazamavyo supu ya jirani.
Kichwani nilikwisha kumlipa wakili,
nimenunua na viatu.

Tulikutana chini ya kanisa, karibu na bomba la maji moto.
Akasimama Verna Beardy wa chumba 410,
koti hajalivua.
Akaomba daftari. Akalitafuta jina lake kwa kidole.
"Nimetoa dola mbili, mara tano. Zilikwenda wapi?"
Oksana akajibu: nakala za mahakama.
"Upande mmoja wa karatasi, au pande mbili?"
Mmoja.
Watu wakacheka. Yeye hakucheka.
"Basi kumi zangu zimo mle kesini.
Nani aliniuliza kama nataka zingoje majira ya joto?"

Bomba likagugumia.
Nilikuwa nimewahesabu watu hawa miezi mitatu,
mia moja na kumi na wanane,
nikidhani nakusanya pesa.

Hundi tulimrudishia mwenyewe
kwa bahasha yake ileile, tumeigeuza ndani nje.

Usiku huo Oksana akaipa safu ya tano kichwa:
Ameuliza nini.
Spence: kwa nini wakili haji jioni, watu wakiwa nyumbani.
302: soksi.
Beardy: pande mbili.

Kesi bado. Ghorofa mbili zina joto, tatu zinangoja.
Kesho zamu yangu ni kule kwa mwenye mbwa.
Ameacha ujumbe kwa Maricel:
nije baada ya saa kumi na mbili, mbwa atamfunga,
dola hana wiki hii,
ila ana swali.