Idi Pili

Kiti tulikifunga nyuma ya bajaji kwa mpira wa tairi,
na Sikudhani kando yangu, gauni jipya,
hina imemkolea mpaka kiwikoni,
akimwelekeza dereva kona ambazo dereva anazijua.

Getini mwenye tiketi akahesabu vichwa,
kisha akakitazama kiti: "Na hicho?"
Hicho ni miguu, nikasema.
Yako uliilipia?
Akacheka kidogo, akatuchania mbili.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, Tabata.
Jiji hili nalijua kwa ngazi.
Zahanati, tatu. Benki, saba, na mlinzi mwenye haraka ya kusaidia.
Shuleni kwake zilikuwa mbili;
nikapeleka bati nene na mashine yangu Jumamosi moja,
Jumatatu akapanda mwenyewe, hakugeuka kuniaga.
Basi nilipoiona bembea kubwa, ile inayozungukia juu ya mapaa,
sikuona taa wala rangi zake.
Niliona ngazi kumi na moja
na kiungio kimoja kilichochomelewa ovyo.

"Huyu hawezi," kijana wa bembea aliniambia mimi.
Siku yupo pale pale, kichwa usawa wa mkanda wake.
"Muulize mwenyewe."
Hakumuuliza. Alitazama kokoto.
Kokoto zimemwagwa kila mahali ili papendeze,
na magurudumu yakazama humo, mbele hayaendi, nyuma hayarudi.
Wanaume wanne wakaja mbio, Mungu awalipe,
wakamnyanyua na kiti chake kama kabati linalohamishwa,
pole mama, pole mama,
naye huko juu, kang'ang'ania mikono ya kiti,
akanitupia jicho la mama yake:
Baba, usigombane. Ni sikukuu.

Bembea hatukupanda.
Tulikula ubuyu, tukawatazama wanaopanda.
Kisha akasikia vishindo.

Vigari vya kugongana!
Banda la bati, sakafu laini kama meza, ngazi hata moja,
na darini cheche zinaruka, za buluu,
cheche ninazozijua.
Nikamfunga kiunoni kwa kanga, mara mbili,
nikamwambia, "Kanyaga mafuta," nikajiuma ulimi.
Binti wa zamu, Mwantumu kwenye beji yake,
hakusema pole wala hakusema neno;
alivua ndala, akaikunja, akaigandamiza chini kabisa ya pedeli.
Gari la Siku likawa halina kusimama.

Mtoto anayekata kona kutwa
kati ya ndoo, jiko na miguu ya kitanda,
usukani ni kitu gani kwake?
Aliwagonga. Wavulana wa kofia mpya na miwani ya jua,
aliwagonga ubavuni, akawafuata, akawagonga tena.
Mmoja alimlilia mama yake.
Na Siku akicheka kwa sauti nzito, ya tumboni,
ambayo nyumbani sijawahi kuisikia.

Mgongo ukaniuma. Nikaketi kwenye kiti chake.

Dunia ikapanda juu. Mikanda, mikoba, makalio ya watu,
kiwiko kikanipita sikioni bila kuomba radhi.
Mtoto mmoja akasimama kunikodolea, akavutwa mkono.
Na mama wa baibui, ananukia udi,
akaniinamia, akaniwekea elfu mbili pajani:
"Mola akupe subira, kaka."
Nikafungua mdomo. Miguu yangu mizima, imevaa raba,
na sikuweza kuinuka mbele yake.
Nikasema, "Amina."

Nilimsimulia Siku tukingoja bajaji.
Nilidhani atachukia.
Akaikagua noti mbele na nyuma, kama mtu wa benki.
"Leo wamekupa wewe," akasema.
"Mimi huwa nanunua bisi."

Huwa.

Nikaukaza mpira wa tairi, nikaufungua, nikaukaza tena.
Dereva akauliza kama kuna tatizo.

Tulinunua bisi. Chumvi ilizidi.
Akala zake, akala na zangu,
na mfuko mtupu akaupuliza, akaupasua sikioni mwangu
pale Mwenge, kwenye foleni.