Kompresa Namba Tatu

Rodolphe alikuja kiwandani kufunga kompresa,
akakaa wiki tatu, akaumwa malaria, akapona,
akaondoka na sangara wa kuchongwa kwa mninga
na kuniachia sidii moja yenye mkwaruzo.
Kwenye jalada: fuvu lililofumwa kwa nyaya,
na majina ambayo ulimi wangu unajikwaa nayo.
"Vijana wa kwetu," alisema. "Usiwasikilize ukiwa na njaa."

Nikawasikiliza nikiwa na njaa.
Kirumba, chumba cha elfu thelathini,
redio ya Mchina, spika moja nzima.
Kwanza lilikuwa bati linalong'olewa na upepo.
Kisha magitaa mawili yakikimbizana ngazini
katika nyumba ambayo fundi alisahau
kila ngazi ya saba.
Na mtu huko chini kabisa, anaunguruma
kama anayemeza mchanga kisha anadai chenji.

Mama akasimama mlangoni na karai la mapanki.
"Huyo anaimba au anatapika?"
Anaimba, mama. Ni Kifaransa.
(Uongo. Rodolphe mwenyewe alikiri
haambulii hata neno.)
Akasikiliza, mafuta yakimchuruzika kidoleni.
"Lakini mpiga ngoma analima," akasema.
"Sikia jembe hilo. Na lile la nyuma yake.
Wako wengi, na hakuna anayemgonga mwenzake."
Akaenda zake kuuza.

Toka siku hiyo nikaanza kuhesabu.
Wimbo wa nne: nne, nne, tano.
Nne, nne, tano, halafu shimo,
halafu wote wanatua kwa mguu mmoja.
Nilihesabu kwa kidole kwenye meza ya kantini,
nikahesabu ndani ya kivuko cha Kamanga
mpaka abiria mmoja akaniuliza kama nadaiwa.
Miezi sita. Siku nilipofika mwisho bila kupotea
hakuna aliyepiga makofi.
Nilijinunulia soda.

Agosti, saa tisa usiku,
tani arobaini za minofu ndani ya baridi,
namba tatu ikasema
nne, nne, tano.

Kompresa haisemi hivyo.
Kompresa husema nne, nne, nne, mpaka kiyama.
Geji zote zilikuwa shwari.
Kishosha, msimamizi wa zamu, akaniambia naota.
Nikasema tuizime.
"Zima wewe, kwa mshahara wako."

Nikazima.

Tulipofungua, ilikuwa valvu:
ufa mwembamba kama unywele wa kichanga,
ungengoja hadi alfajiri.
Kishosha aliutazama, akanitazama,
akauliza nilisomea chuo gani.
Ningeanzia wapi?
Nikasema, nilisikia tu.

Sidii ilishakufa. Ilianza kukwama wimbo wa sita,
ikarudi nyuma kila wimbo kama mzee anayesahau,
na mama akaitundika kwenye mpapai kufukuza ndege.
Jua likishuka upande wa ziwa, inazunguka,
inanirushia duara la mwanga ukutani,
linapita, linapita,
nne,
nne,

nami nangoja.