Hodi ya Kunguru

Simu ya kwanza hutoka kwa dada yangu Ustinya,
aliyeolewa Bulgaria, bonde la Maritsa.
Mwezi Machi wote huvaa mkononi uzi mwekundu na mweupe
kama majirani walivyomfunza,
hadi amwone korongo wa kwanza; ndipo huufungua
akaufunga kwenye tawi la mplamu.
"Nimemwona! Yuko juu ya nguzo ya umeme,
anapanga vijiti vyake kama mwenye nyumba aliyerudi safari!"
Nyuma ya sauti yake trekta linanguruma.
Mama huuliza: ana miguu ya rangi gani?
Kila mwaka huuliza.
Myekundu, Mama.
"Basi huyo amekanyaga moto," husema,
"theluji yetu haijui."

Halafu Prokopi, fundi wa reli kule Voronezh.
Kwake ni wale weusi wa mashambani,
midomo myeupe kama waliochovya kwenye unga,
wanafuata jembe, wanagombea matawi ya mibetula.
"Tope limenifika magotini, Mama. Majira yamegeuka."
Mama hukohoa. Tope ni tope.
Huku kwetu, kando ya Mto Kazym,
theluji ingali inachungulia dirishani
na mbwa hupanda paa la banda bila kuruka.
"Hizo ni fununu," husema.
"Fununu haziyeyushi barafu."

Mjumbe wake ni mmoja, mwenye joho la kijivu.
Kunguru akilia mwezi Aprili juu ya msonobari,
Mama hutoa nje vumbi la mti uliooza,
lile lililotandikwa ndani ya susu la gome
chini ya makalio ya wajukuu, likanywa mikojo yao
majira yote ya baridi.
Hulimwaga penye kisiki,
mgeni apashe miguu iliyoganda.
Miguu yake ikipata joto, mtoto hatalala baridi.
Nilipokuwa mdogo niliamini
tukisahau vumbi lile atapita bila kutua,
na mto utabaki umelala mpaka tuzeeke.

Januari hii nilimpeleka mji wa gesi
kung'olewa jino. Nyuzi arobaini chini ya sifuri.
Nyuma ya hospitali kuna jalala
linalofuka moshi usiku na mchana,
na juu ya moshi, na ndani yake,
kunguru.
Wanene. Wanavutana ngozi za soseji.
Mama alisimama, shavu limevimba, kitambaa mdomoni.
Husemwa kunguru hafugiki.
Jalala limemfuga.
"Kumbe hawakuondoka," akasema,
na basi likatubeba saa tano nzima
hakutamka lingine.
Atabishaje hodi asiyetoka?

Ustinya akapiga. Korongo amefika.
Mama hakuuliza miguu.
Prokopi akapiga. Mama akasema sawa, sawa,
akanirudishia simu kabla hajamaliza habari za tope.

Kisha asubuhi moja, juu ya msonobari, mara tatu.
Nilimtazama Mama. Alikuwa anamenya viazi.
"Labda ametoka jalalani kututembelea," akasema,
akamenya kingine.
Kunguru akalia tena, sauti imekwaruza
kama mlango wa banda.
Kisu kikasimama.
"Hata hivyo," akasema, "miguu ni ileile."

Mwaka huu hatuna mtoto mchanga. Susu limening'inia tupu.
Akavuta gogo bovu kutoka nyuma ya jiko,
akalikwangua magotini mpaka sketi ikawa ya manjano,
akatoka bila kofia, mimi nyuma na kofia yake.

Nilimpigia Ustinya, nikaielekeza simu kisikini.
"Sisikii kitu," akasema. "Simu imekatika?"
Subiri, nikanong'ona.
Anapasha miguu.