Sekunde Nne kwa Kila Picha

Picha thelathini na moja, sekunde nne kila moja:
dakika mbili na sekunde nne, basi,
ndiyo maisha ya shangazi Zuwena
kwenye kompyuta ya Swabri, Swansea, saa tano usiku,
mvua inapiga kioo mshazari
na hita inalia kama paka aliyefungiwa nje.

Arobaini yake Jumamosi. Ukumbi tumekodi,
projekta tumeazima kwa Mpolandi wa chini.
Ustadhi hapendi mambo ya picha;
tumekubaliana zionyeshwe akishaondoka.

Kwanza nikazipitisha kimya.
Shangazi mlangoni mwa hospitali, sare ya bluu ya dobi.
Shangazi na mwavuli uliopinduliwa na upepo.
Shangazi kwenye gati la Mumbles anacheka,
nusu ya ushungi imeshachukuliwa na bahari.
Kimya, zilikuwa picha tu. Watu hupiga picha.
Angeweza kuwa shangazi wa yeyote.

"Weka fidla," Swabri akasema, akaiweka mwenyewe.
Na kicheko kilekile, meno yaleyale,
kikawa cha mtu anayejua.
Hakujua. Ilikuwa Jumanne, alikuwa na njaa ya chipsi,
mimi ndiye niliyebonyeza kitufe, nilikuwepo.
Fidla ilidanganya waziwazi
na mimi nikalia waziwazi.

Akaibadilisha, akaweka ngoma za harusi.
Mwavuli ukaanza kucheza.
Hata kitanda cha wodi namba sita
kilionekana kinasubiri kupambwa.
Zima, nikamwambia, zima haraka.

Husemwa macho hayana pazia.
Basi nani alikuwa akinishushia
na kunipandishia usiku kucha?

Tukajaribu rangi. Swabri akanyonya bluu yote,
dobi akawa mtawa wa zamani,
marehemu wa miaka mingi, marehemu wa watu wengine.
Rudisha bluu.
Nikamkata Athumani, yule mume wa miezi minane,
vikabaki vidole vyake vinne begani.
Nikavuta ukingo wa picha ndani, ndani zaidi,
vidole vikaisha. Bega nalo likaisha.
Nikamrudisha Athumani.

Saa nane usiku nikakumbuka simu yangu ya zamani,
ile yenye ufa. Ikachajiwa, ikawaka kwa shingo upande.
Ujumbe mmoja wa sauti, sekunde kumi na tisa:
*Wewe, toa kuku kwenye friza.
Na usivae vile viatu, nje kuna barafu.
Haya.*
Nyuma yake mashine za kufulia, vuum, vuum,
mashuka ya wagonjwa yakizunguka,
mtu anaita jina lake, analikosea,
naye hakati simu mara moja: anapumua,
kama aliyesahau jambo la tatu.

Tukaiweka chini ya picha ya gati.
Haikulingana hata kidogo.
Mdomo unacheka, sauti inaagiza kuku.
Swabri akaondoa mikono kwenye kibodi,
akaiweka mapajani kama aliyekaribishwa ugenini.

Jumamosi, ustadhi alipoondoka na sahani yake ya biriani,
tukazima taa.
"Kuku!" akapiga kelele Mama Nunu,
ukumbi mzima ukacheka,
hata yule kijana wa kukodisha viti
asiyejua neno letu hata moja.

Mama hakucheka. Mama hakutazama.
Alikuwa amefumba macho, ameelekeza sikio
kama mtu anayesikiliza chungu kama kimechemka.
Sikio halilali na njaa, lakini
la mama lilikuwa limefunga siku arobaini.

"Rudia," akasema. "Picha ziondoe. Acha hiyo."

Swabri akanitazama. Nikatikisa kichwa: ndiyo.
Ukutani ukabaki mwanga mtupu wa projekta,
mraba mweupe kama shuka lililofuliwa,
na ndani yake, vuum, vuum,
mtu anapumua, hajakata.